Mgeni Asiyealikwa Katika Tangi la Samaki

Katika chumba chetu cha sayansi limo tangi la kioo ambamo twafuga sato wadogo pamoja na mimea ya majini. Kazi ya kulitunza nilipewa mimi. Yaliyonipata nayaeleza hapa, maana yana mafunzo.

Muhula uliopita nilikwenda bwawani nikang'oa mimea ya kupanda tangini. Niliisukasuka majini mara moja, nikaipanda siku ile ile. Sikuona kwamba katika majani yake umeng'ang'ania mmea mwingine, mdogo mno, upana wake milimeta 3 au 4 tu. Jina lake la kitaalamu ni Lemna. Hauna shina, ni kijani kimoja kinachoelea, na mzizi mmoja unaoning'inia kama uzi. Kwa kawaida hauzidi kwa mbegu, bali huchipuza mtoto ubavuni, naye hujitenga na kuchipuza wake.

Na tufanye hesabu. Penye mwanga na chakula cha kutosha, mmea huu waweza kuongezeka maradufu kwa siku 3 hivi. Basi mmoja huwa 2 siku ya 3, huwa 4 siku ya 6, na siku ya 30 huwa 1,024. Mimi niliuona ungali vijani vichache, nikaudharau. Mdharau mwiba mguu huota tende. Baada ya wiki 5 uso wote wa maji ulikuwa umefunikwa.

Mwanga haukufika chini tena. Mmea usiopata mwanga hautoi oksijeni, lakini huendelea kuitumia katika kupumua. Tena utando ule ulizuia hewa isiingie majini vizuri. Alfajiri moja nilikuta samaki wametoa vinywa juu wakitweta, na wawili wamekwisha kufa.

Niliuchota kwa chujio la chai, nikajaza ndoo, nikaibeba mpaka kwenye mfereji ushukao ziwani. Mwalimu akaniita, "Mwanangu, weka ndoo chini." Akanikumbusha habari za gugu maji. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na watu walilichukua nchi nyingi kwa uzuri wa maua yake. Katika miaka ya 1990 lilitanda Ziwa Viktoria, likawafungia wavuvi njia za mitumbwi. "Lemna hii ni ya bwawa letu," alisema, "lakini amwagaye ndoo hajui yote yaliyomo."

Basi haya ndiyo niliyojifunza:

1. Mmea mpya usiutie tangini siku ile ile. Uusuuze jani kwa jani, kisha uuweke katika ndoo peke yake kwa wiki 3, ukiondoa kila kijani kinachoelea.

2. Ukiona Lemna tangini, iondoe kila siku, na kingo za kioo uzifute, maana hujificha hapo. Ukiacha mmoja, umeacha yote.

3. Uchafu huo usiumwage mtoni wala mferejini. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, ndipo uufukie.

Sasa ni wiki ya 8, na uso wa maji ni mweupe. Samaki wawili wale ndio karo niliyoilipia somo hili. Wewe msomaji wajifunza bure.