Kubeti kwa simu: taarifa ya akaunti yako inasema nini?

Kibarua cha siku kikiingia kwa simu pale Laini Saba, kina kazi nyingi: kodi, unga, mitungi ya maji. Lakini kwa wengine, Aviator inakula kwanza.

Je, kamari inaathiri akili?
Ndiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka uraibu wa kamari, pamoja na ule wa michezo ya video, kwenye orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kwa hivyo si uzembe. Ni tatizo la afya, na lina matibabu.

Mbona ni ngumu kuacha?
Ushindi hauna ratiba, kwa hivyo ubongo hubaki ukingoja unaofuata. Raundi ya Aviator huisha kwa sekunde chache, na nyingine inaanza kabla hujajuta. Ukipoteza unaongeza dau ili urudishe zako. Hapo usingizi unapotea, wasiwasi unaingia, deni linaleta aibu. Wengine hufika hata kufikiria kujiua.

Dalili kwenye taarifa yako
- Unatuma pesa za kubeti usiku wa manane.
- Unakopa kwa simu, na dakika chache baadaye unabeti.
- Dau linapanda kila ukipoteza.
- Unafuta meseji ili watu wa nyumbani wasione.

Ufanye nini?
1. Omba taarifa ya miezi 3. Jumlisha ulizotuma kwa kampuni za kamari, kisha toa zilizorudi. Bob 50 mara tatu kwa siku ni 4,500 kwa siku 30. Linganisha na kodi yako.
2. Pesa ikiingia, lipa kodi na chakula saa hiyo hiyo. Inayobaki weka kwenye akiba iliyofungwa.
3. Iandikie kampuni ya kamari ikufungie akaunti, kisha ufute programu.
4. Usikope ili urudishe ulizopoteza.
5. Ongea na mtu. Piga 1199, Msalaba Mwekundu Kenya, bila malipo. Ukiwa na mawazo ya kujiua, usingoje kesho.

Kama ni mtu wako
Usimlipie deni kimya kimya, kwani atakopa tena. Usimtukane pia. Keti naye mpitie taarifa pamoja. Lakini hata akiwa mumeo au mwanao, usimwombe PIN. Mwache aifungue mwenyewe.