SOMO: KLABU YA MWAMBA NA MCHEZO WA RAGA



Siku moja tulikaa na vijana wa Masieda waliotaka kuanzisha timu ya mpira. Walikuwa hawana mpira wala kiwanja, lakini ubishi ulikuwa mkali juu ya jina. Mmoja alitaka timu iitwe Arsenal. Mwingine akasema hapana, iitwe Chelsea. Mzee aliyekuwa akiwasikiliza akauliza, "Hizo Arsenal na Chelsea ziko kitongoji gani?" Watu wakacheka. Lakini swali lile lilikuwa zuri. Leo tunalijibu kwa habari ya klabu moja ya jirani zetu wa Kenya.

Mchezo wenyewe

Klabu hiyo hucheza raga, mchezo wa mpira uliotoka Uingereza. Mpira wake si wa mviringo. Una umbo kama yai la mbuni. Wachezaji huubeba mikononi na kukimbia nao. Timu moja ina watu 15, na mchezo huchukua dakika 80. Ipo pia raga ya watu saba, ambayo huchukua dakika 14 tu.

Mchezaji akivuka mstari wa goli la wapinzani na kuugusisha mpira chini, amepata trai. Trai moja ni pointi 5. Kisha timu yake hupiga mpira kwa mguu. Ukipita kati ya milingoti miwili, juu ya mwamba wa goli, wanaongezewa pointi 2.

Sheria moja huwashangaza wengi. Ni marufuku kumrushia mwenzako mpira kwenda mbele. Unampa aliye nyuma yako au aliye sambamba nawe. Basi, hata uwe na mbio namna gani, ukikamatwa na kuangushwa lazima awepo mwenzako nyuma wa kuupokea. Asipokuwepo, mpira umekwenda.

Klabu za zamani

Mjini London iko klabu ya raga iitwayo Harlequins. Ilianzishwa mwaka 1866 kwa jina la mtaa wao, Hampstead. Mwaka 1870 wanachama walikuwa wakitoka sehemu nyingi, na jina la mtaa halikufaa tena. Inasimuliwa kwamba walichukua kamusi, wakatafuta neno linaloanza na H, wakachagua Harlequin. Maana yake ni mchekeshaji wa michezo ya kuigiza, avaaye nguo za viraka vya rangi nyingi. Kwa miaka mingi wachezaji wa raga ya watu 15 hawakuruhusiwa kulipwa. Ruhusa ilitolewa mwaka 1995, na sasa wachezaji wa Harlequins hulipwa mshahara.

Waingereza waliuleta mchezo huu Kenya wakati wa ukoloni. Mwaka 1923 ilianzishwa Nairobi klabu ya Nondescripts. Mwaka 1952 ikaanzishwa Kenya Harlequin, jina lilelile la London. Klabu hizo ziliundwa na Wazungu. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini katika viwanja vya raga Waafrika walichelewa kupata nafasi.

Mwamba yaanzishwa

Mwaka 1977 Waafrika waliokuwa wakiupenda mchezo huo waliunda klabu yao wenyewe Nairobi. Hawakufungua kamusi ya Kiingereza. Waliiita Mwamba, neno ambalo kila mtu wa Afrika Mashariki analielewa: jiwe kubwa lisilosukumika.

Katika klabu hiyo walikua ndugu wawili wa damu, Humphrey Kayange na Collins Injera. Kayange alisomea kemia hadi chuo kikuu, akawa nahodha wa timu ya Kenya ya watu saba. Hakuacha daftari kwa sababu ya mpira. Baadaye alikuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mdogo wake Injera alikuwa mfungaji. Mwaka 2016 alifikisha trai nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote katika mashindano ya dunia ya raga ya watu saba. Baadaye Dan Norton wa Uingereza alimpita.

Tarehe 17 Aprili 2016, mjini Singapore, Kenya iliifunga Fiji pointi 30 kwa 7 katika fainali. Fiji ni mabingwa wakubwa wa mchezo huu. Ilikuwa mara ya kwanza Kenya kutwaa kombe katika mashindano hayo, na Injera alichaguliwa mchezaji bora wa fainali. Tangu Mwamba ianzishwe ilikuwa imepita miaka 39.

Mwalimu wa timu hiyo alikuwa Benjamin Ayimba. Yeye aliichezea Nondescripts, ile klabu ya Wazungu ya zamani, na pia Cornish Pirates ya Uingereza. Ayimba alifariki mwezi Mei 2021 kwa malaria iliyopanda kichwani. Mtu mwenye nguvu kama yule! Ndugu wasomaji, chandarua ni cha kila mtu, na homa isisubiri kesho.

Tunajifunza nini?

Kupenda Arsenal si kosa. Lakini timu ya kijiji inahitaji jina ambalo bibi yako anaweza kulitamka na kujivunia. Tena jina peke yake halitoshi. Andikeni majina ya wanachama kwenye daftari. Andikeni michango, nani katoa na kiasi gani. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kazi hizo hazimhitaji mtu wa kutoka mjini. Wewe unayesoma gazeti hili unaziweza. Na kama ilivyo katika raga, anayekimbia mbele ahakikishe kuna mwenzake nyuma wa kupokea. Klabu ya mtu mmoja hufa siku anapohama.

Maneno mapya

Trai: kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani.
Sambamba: kwenda pamoja, ubavu kwa ubavu.
Nahodha: kiongozi wa timu uwanjani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini waanzilishi wa Mwamba hawakuridhika kungoja nafasi katika klabu za wengine?
2. Timu yetu ikipata trai 3, na mipira 2 ya mguu ikapita juu ya mwamba, ina pointi ngapi?
3. Kikundi gani kijijini kwetu kilikufa kwa kukosa mtu wa kupokea? Tungefanyaje?