Klachi Ikichakaa

Pikapu moja ya zamani ilitoka Mombo kwenda Lushoto. Safari hiyo ni ya kilomita kama 33, na sehemu kubwa ya njia ni kupanda mlima. Pikapu ilibeba mifuko ya saruji. Ilipofika kwenye kona kali, dereva alikanyaga mafuta. Injini ilinguruma sana, lakini gari halikuongeza mwendo. Harufu ya kitu kinachoungua ikaingia ndani. Dereva alisimama, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akashusha nusu ya mzigo. Ndipo akafika.

Jioni alikwenda kwa mjomba wake, ambaye ni fundi wa magari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona una huzuni?"

"Gari limekataa mlima. Nadhani injini imekufa."

"Injini inayonguruma hivyo haijafa. Huenda klachi inateleza. Njoo kesho asubuhi, tutaifungua hapa uani. Uje na daftari na kalamu."

"Daftari la nini, mjomba? Kwani tunakwenda darasani?"

"Njoo nalo. Utaona."

KAZI YA KLACHI

Klachi iko kati ya injini na giaboksi. Ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni klachi pleti. Hii ni sahani nyembamba yenye ngozi ngumu pande zote mbili. Ya pili ni presha pleti, ambayo huibana klachi pleti kwenye flaiwili. Flaiwili ni gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini. Ya tatu ni beringi ya klachi. Ukikanyaga pedali, beringi husukuma presha pleti, nayo klachi pleti huachiwa. Hapo unaweza kubadili gia.

Kila siku ngozi ya klachi pleti hulika kidogo. Ikiisha, pleti haibanwi vizuri. Injini huzunguka, lakini nguvu haifiki kwenye magurudumu.

HAKIKISHA KWANZA

Usifungue gari kabla ya kujua ugonjwa wake. Mjomba alianza kwa kubonyeza pedali kwa mkono. Pedali inatakiwa kulegea kidogo mwanzoni, kabla ya kuwa ngumu. Kama hailegei kabisa, klachi inaweza kuteleza ingawa pleti bado ni nzima. Hapo huhitaji kununua kitu, ila kurekebisha pedali tu.

Kama gia zinakwaruza na kukataa kuingia, huo ni ugonjwa mwingine. Tazama kwanza mafuta ya klachi. Pengine yamepungua, au hewa imeingia kwenye bomba.

Pedali ya pikapu ile ililegea vizuri. Basi wakafanya jaribio. Walizuia magurudumu kwa mawe na kuvuta breki ya mkono. Hakuna mtu aliyesimama mbele wala nyuma ya gari. Dereva aliwasha injini, akaweka gia namba 3, akaachia klachi polepole. Klachi nzima ingezima injini. Injini ile iliendelea kuzunguka. Jaribio hili lifanye mara moja tu, kwa sababu linaunguza klachi.

GARI LISIKUUE

Dereva aliinua gari kwa jeki, akataka kuingia chini.

"Toka huko!" mjomba alisema. "Jeki ni ya kuinulia. Si ya kushikilia gari juu ya mtu."

Walitandika mbao nene juu ya ardhi, wakaweka stendi nne za chuma juu yake. Waliteremsha gari mpaka likakaa juu ya stendi, kisha wakalisukuma kwa mikono kuona kama linatikisika. Usitumie matofali. Tofali linaweza kupasuka ghafla.

Saa sita mchana jeki waliyoiacha pembeni mwa gari ilizama ardhini na kuanguka. Dereva alikuwa chini ya gari. Gari halikusogea hata kidogo, kwa sababu lilikuwa juu ya stendi. Dereva alitoka taratibu, akakaa kimya kwa muda. Mjomba hakumwambia neno.

KUFUNGUA

Pikapu hii ina injini mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma gari. Kwa gari la namna hiyo, fuata mpango huu:

1. Ondoa waya wa hasi wa betri.
2. Mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo.
3. Weka alama kwenye propela mahali inapounganika, kisha ifungue.
4. Toa mkono wa gia, waya wa spidomita na stata.
5. Fungua silinda ndogo ya klachi iliyo kwenye giaboksi. Usikate bomba lake. Ifunge pembeni kwa kamba.
6. Tegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao. Tegemeza giaboksi kwa jeki nyingine.
7. Fungua mhimili unaoshika giaboksi, kisha bolti zinazoiunganisha na injini.
8. Vuta giaboksi nyuma ikiwa imenyooka. Usiiache ining'inie kwenye shafti yake.

Giaboksi ni nzito. Kazi hii ni ya watu wawili au zaidi.

Hapo dereva aliona faida ya daftari. Kila bolti iliyotoka aliiweka kwenye kopo na kulipa kopo namba. Katika daftari aliandika: "Kopo 1, propela. Kopo 2, stata. Kopo 3, giaboksi juu, bolti ndefu." Bolti ndefu ikiingia mahali pa fupi, inaweza kupasua chuma.

KUKAGUA

Usipulize vumbi la klachi kwa mdomo wala kwa pampu. Klachi za magari ya zamani zinaweza kuwa na asbesto. Vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya, pamoja na saratani, baada ya miaka mingi. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji. Kisha kitie kitambaa hicho kwenye mfuko na ukifunge.

Bolti za presha pleti zilegeze kidogo kidogo, kwa kupishana, ili isipinde. Klachi pleti ya pikapu ile ilikuwa imelika mpaka vichwa vya ribiti vilionekana.

Tazama pia kama kuna oili. Ikiwa sili ya injini au ya giaboksi inavuja, ibadilishe kwanza. Oili itaharibu pleti mpya baada ya muda mfupi. Flaiwili nayo ikiwa na nyufa au mikwaruzo mirefu, ipelekwe kwa fundi wa mashine.

KUFUNGA

Badilisha pleti zote mbili na beringi pamoja. Beringi ya zamani ikifa mwezi ujao, utashusha giaboksi tena.

Klachi pleti ina upande wake. Soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuifunga. Iweke katikati kabisa. Mjomba alichonga kijiti cha mbao kinachoingia sawasawa kwenye tundu la pleti na tundu la katikati ya flaiwili. Kisha alikaza bolti za presha pleti kwa kupishana, akatoa kijiti.

Paka grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti. Rudisha giaboksi ikiwa imenyooka. Ikikataa kuingia, usiivute kwa kukaza bolti. Zungusha shafti kidogo, ujaribu tena. Mwisho jaza oili mpya na upime pedali.

Jua lilipokuwa likizama, makopo yote yalikuwa matupu. Hakuna bolti iliyobaki.

"Sasa sikiliza," mjomba alisema. "Kwa siku za mwanzo usibebe mzigo mzito. Na usiweke mguu juu ya pedali wakati gari linakwenda. Mguu wako ndio ulioimaliza klachi hii."

"Nimesikia, mjomba," dereva alijibu. Akafungua daftari, akaandika maneno hayo.

MASWALI

1. Dereva alijuaje kwamba gari lina ugonjwa?
2. Kwa nini mjomba alibonyeza pedali kabla ya kufungua gari?
3. Jeki ilipoanguka, ni kitu gani kilichomwokoa dereva?
4. Kwa nini hatupulizi vumbi la klachi?
5. Daftari lilisaidiaje katika kazi hii? Taja kazi nyingine ya nyumbani kwako ambayo daftari linaweza kusaidia.