Misuli Yako Hupata Wapi Nguvu?

Msomaji, kama umewahi kusimama kando ya uwanja wa Khayega au Malinya mafahali wakipigana, bila shaka umeliona jambo hili. Isukuti inalia, mafahali wanasukumana kwa vichwa, na ghafla mmoja anageuka na kutimua mbio. Nguvu alizotumia hazikutoka katika nyasi za asubuhi hiyo. Zilikuwa ndani ya misuli tayari.

Nawe ni vivyo hivyo. Wanga wa ugali, viazi vitamu au ndizi hugeuzwa mwilini kuwa sukari iitwayo glukosi, na sehemu yake huwekwa akiba kwa jina la glaikojeni. Ini la mtu mzima huweka gramu 100 hivi, na misuli gramu 300 hadi 500. Sukari inayozunguka katika damu yote ni kama kijiko kimoja cha chai tu!

Ukienda mwendo wa pole, misuli huchoma mafuta kwa wingi. Lakini mafuta hayana haraka. Ukitoka mbio kali, misuli huvunja glaikojeni yake papo hapo, nalo ini humwaga sukari katika damu. Misuli ina choyo: akiba ya paja haiwezi kutoka ikiwa sukari ili isaidie mkono. Hutoka ikiwa lakteti, ambayo ini huigeuza kuwa sukari tena. Carl na Gerty Cori, walioueleza mzunguko huo, walipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1947 kwa kugundua jinsi glaikojeni inavyogeuzwa mwilini.

Ndiyo sababu kijana aliyeshinda njaa tangu jana, kisha akalamba glukosi langoni mwa Bukhungu, huishiwa miguu kipindi cha pili. Misuli iliyokauka huhitaji takriban siku nzima ya chakula cha wanga ili ijae. (Fahali huhitaji siku kadhaa, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake huwahi kuula wanga kabla yake.)

Jambo moja zaidi, kwa wenye kisukari wanaojidunga insulini. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari hata bila insulini, na huendelea kuivuta saa nyingi baadaye. Unaweza kutetemeka, kutokwa na jasho jembamba, hata kuzimia usiku kitandani. Pima sukari kabla ya kucheza na kabla ya kulala, beba soda au peremende, na umuulize daktari wako kuhusu kipimo cha dawa siku za mazoezi.