Asidi, chokaa na maji: somo la kulinda macho



Siku moja mtu aliletwa kwenye dispanseri, jicho limefumba. Asidi ilimrukia alipokuwa akifungua bomba. Mwenzake, kwa kumhurumia, alimwosha na maji ya chokaa ili «kuua asidi». Asidi ilikuwa kidogo; chokaa ndiyo iliyozidisha kidonda. Yule mwenzake alijua nusu ya somo tu. Leo tusome lote.

ASIDI NA BAZE

Limau ni kali kwa sababu lina asidi. Maji ya batri ni asidi sulfuriki, ile ile inayoyeyusha shaba kutoka katika mawe kwenye viwanda vya Likasi na Kolwezi. Baze ni kinyume cha asidi: chokaa, soda kostiki, hata maji ya majivu. Nguvu zao zinapimwa kwa namba iitwayo pH, iliyoanzishwa na Sørensen, mtaalamu wa Denmark, mwaka 1909. Maji safi yana 7. Chini ya 7 ni asidi: limau lina karibu 2. Juu ya 7 ni baze: maji ya chokaa yanapita 12.

Angalieni vizuri: kila hatua moja ni mara 10. Kwa hiyo pH 1 ina asidi mara 1000 kuliko pH 4. Kijiko kidogo cha asidi ya pH 1 kinataka karibu litri 5 za maji ili kufika 4. Na asidi nzito ya kiwandani ni kali kupita hiyo. Ndiyo sababu kikopo kimoja cha maji hakitoshi!

AKIBA YA MWILI

Damu yetu inakaa kati ya 7,35 na 7,45. Ndani yake mna bikaboneti, inayoshika asidi na kuigeuza kuwa gesi tunayoitoa kwa pumzi. Mchanganyiko wa namna hii unaitwa tampo. Ni kama akiba ya nyumba: matumizi yakizidi kidogo, akiba inasaidia, yakizidi sana, akiba inakwisha. Ngozi na machozi yana akiba ndogo tu. Asidi nzito inaimaliza mara moja, kisha inaunguza nyama.

Baze ni hatari zaidi kwa jicho. Asidi mara nyingi inagandisha nyama ya juu, na ganda hilo linaizuia kidogo. Baze inayeyusha mafuta na kuendelea kuingia ndani, hata kama maumivu si makali mwanzoni.

KWA NINI TUSIUE ASIDI KWA CHOKAA?

Asidi na baze zikikutana zinatoa joto: jeraha linaungua mara ya pili. Tena hakuna anayeweza kupima kipimo sawasawa juu ya jicho. Maji hayana ubaya huo: yanapunguza nguvu, yanapoza, yanaondoa.

MAMBO YA KUFANYA

1. Kabla ya kazi, vaa miwani na glavu, na ujue bomba la maji liko wapi.
2. Ukirukiwa, nenda kwenye maji mara moja. Vua nguo zilizolowa huku maji yakitiririka.
3. Chokaa kavu kwenye ngozi: pangusa kwanza, kisha osha.
4. Jicho: fungua kope kwa vidole, osha dakika 20 au zaidi, kwa chokaa na soda, dakika 30 au zaidi.
5. Usitie mafuta, dawa ya meno wala chokaa.
6. Kisha njoo dispanseri, hata kama maumivu yamepungua.
7. Wakati wa kuchanganya, tia asidi polepole ndani ya maji. Kamwe usimwage maji ndani ya asidi: inachemka na kuruka.

Ndugu, munganga hawezi kukurudishia dakika ya kwanza. Dakika hiyo iko mikononi mwako na mwa mwenzako. Maji kwanza, mengi, bila kukawia!