SOMO LA KIKUNDI: KUFUMUA SI HASARA
Makosa ya anayeanza kroshia na namna ya kuyarekebisha



Kikundi kimoja huku kwetu Yamumbi kilipata oda ya vitambaa vya makochi, vipande saba vya seti moja. Mwenye oda alitoa malipo ya kwanza, uzi ukanunuliwa mjini Eldoret, na akina mama wanne wakagawana kazi. Siku ya kupeleka, vitambaa vikatandazwa mezani. Vinne vilikuwa sawa. Viwili vilikuwa vimebanana, vidogo kuliko vingine. Kimoja kilianza kipana kikaishia chembamba kama shingo ya kibuyu. Mteja alichukua vinne, akalipa vinne. Na zile pesa zingine zilikuwa zimeshapangiwa kazi: karo ya mtoto wa mmoja wao.

Nilipokaa nao, mama aliyeshona kile cha shingo ya kibuyu akaniambia, "Mwalimu, mimi niliona mapema, hata kabla sijafika katikati. Lakini niliona haya kufumua mbele ya wenzangu. Nikasema nikipiga pasi kitanyooka."

Mama, pasi hainyooshi hesabu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa chuoni, kitambaa changu cha kwanza kilianza mraba kikamalizika pembetatu. Kwa hivyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Tujifunze pamoja.

Maneno ya kukumbuka

Mnyororo ni vile vitanzi vya mwanzo vinavyofuatana. Mshono mfupi ni ule unaoingiza sindano bila kuzungusha uzi kwanza. Mshono mrefu ni ule unaozungusha uzi mara moja kwenye sindano, ndipo unaingiza.

Kosa la 1: Mnyororo wa mwanzo kubana

Anayeanza huwa na hofu, kwa hivyo huvuta uzi kwa nguvu. Upande wa chini unakuwa mfupi na kitambaa kinajipinda. Dawa yake ni rahisi. Shona mnyororo kwa sindano kubwa kidogo, kwa mfano milimita 3.5, kisha endelea na ile yako ya milimita 3. Na kitanzi kikae kwenye mwili wa sindano, sio kwenye ncha nyembamba.

Kosa la 2: Kitambaa kupungua au kupanuka

Hili ndilo kosa la wengi. Shida iko pembeni, pale unapogeuza kazi.

Ukishona mishono mirefu, unapogeuza unapanda na minyororo mitatu. Hiyo mitatu inahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Kwa hivyo ruka tundu lililo chini yake, uingize sindano kwenye linalofuata. Ukishona tena kwenye lile la chini, umeongeza mmoja, na kitambaa kitapanuka. Ukifika mwisho wa mstari, mshono wa mwisho uingie juu ya ile minyororo mitatu ya mstari uliopita. Ukiisahau, umepunguza mmoja, na kitambaa kitakonda.

Ukishona mishono mifupi, unapanda na mnyororo mmoja tu, na huo hauhesabiwi. Anza kwenye tundu la kwanza kabisa.

Njia ya kujilinda: funga kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye mshono wa kwanza na wa mwisho wa kila mstari. Kisha hesabu. Kama ulianza na mishono 40, kila mstari uwe na 40. Kuhesabu mstari mmoja ni kazi ya dakika moja. Kufumua mistari 15 ni jioni nzima.

Kosa la 3: Kuchukua uzi mmoja badala ya miwili

Tazama juu ya mshono, utaona umbo kama herufi V. Sindano ipite chini ya nyuzi zote mbili za hiyo V. Ukichukua mmoja tu, kitambaa kinakuwa na matuta na kinavutika ovyo. Kuna mapambo yanayotaka uzi mmoja, lakini hayo ni ya baadaye.

Kosa la 4: Cha mviringo kugeuka bakuli

Kitambaa cha mviringo kinataka nyongeza sawasawa kila mzunguko. Kwa mishono mirefu, anza na 12, kisha 24, halafu 36, halafu 48: kila mzunguko unaongeza 12. Kwa mishono mifupi, anza na 6, kisha 12, 18, 24. Kikisimama kama bakuli, nyongeza ni chache. Kikiwa na mawimbi kama jani la sukuma wiki, nyongeza zimezidi.

Kosa la 5: Mikono mbalimbali kwenye seti moja

Hili ni kosa la kikundi, si la mtu mmoja. Kila mtu ana mkono wake: mmoja anakaza, mwingine analegeza. Kabla ya kugawana oda, kila mama ashone kipande kidogo cha mishono 20, kwa uzi uleule na sindano ya namba moja. Pimeni kwa rula. Ambaye chake ni kidogo achukue sindano kubwa zaidi. Ambaye chake ni kikubwa achukue ndogo. Si lazima abadilishe mkono, abadilishe sindano. Na uzi wa seti nzima ununuliwe siku moja, wenye namba moja ya rangi kwenye lebo, maana rangi za mapishi mawili hazilingani.

Namna ya kufumua

Toa sindano, vuta uzi pole pole mpaka upite kosa, kisha rudisha sindano kwenye kitanzi. Uzi uliojikunja uzungushe kwenye kadibodi, unyunyizie maji kidogo, uuache ukauke.

Tusidharau kazi hii. Njaa kuu ya viazi ilipoingia Ireland mwaka 1845, masista Waursula wa Cork walikuwa miongoni mwa waliofundisha wanawake na wasichana kroshia. Lesi zao ziliuzwa nje, na familia nyingi zikapata chakula kwa njia hiyo. Mnunuzi wa mbali hamjui aliyeshona. Anajua tu kama kazi ni safi.

Kile kikundi chetu kilifumua vile vitatu, kikashona upya kwa kupima. Mteja alivichukua, akalipa. Karo ilichelewa, lakini ilifika. Na siku hizi wana kanuni moja: anayefumua haulizwi kwa nini, anasaidiwa kushika uzi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, mtu akikosea anaogopa kusema? Kwa nini?
2. Nani atakagua kazi kabla haijafika kwa mteja?
3. Kazi ya nyumbani: kila mmoja ashone mishono 20, mistari 10, aje nayo mkutano ujao. Tutapima wote pamoja.