Mtungi wa gesi ndani ya trela ya chipsi

SWALI: Nina trela ya kuuzia chipsi na chai hapa Kabazi. Fundi aliweka mtungi wa kilo 13 chini ya kaunta, mpira akaufunga kwa waya. Kukiwa na baridi mimi hufunga dirisha. Je, niko salama? – Msomaji, Kabazi

JIBU: La, hauko salama. Gesi ya kupikia, yaani mchanganyiko wa propani na butani, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haitoki dirishani. Hutuama sakafuni hadi ipate cheche ya swichi au moto wa jiko. Kule Embakasi, Nairobi, usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka ikaua watu na kujeruhi mamia. Trela yako ni ndogo, lakini gesi ni ileile.

Kwanza, toa mtungi nje, uusimamishe wima ndani ya kizimba chenye matundu chini. Pili, nunua mpira wa gesi na klipu zake. Waya hukata mpira taratibu. Mahali mpira unapopita kwenye bati, uzungushie kinga. Tatu, toboa matundu ya hewa karibu na sakafu na mengine juu. Usifunge yote unapopika, kwani jiko likikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu.

Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Ukisikia harufu ya gesi, funga vali, usiguse swichi, na utoe wateja wote nje.